Kitambaa cha Redio ya Mama

Mwezi uliopita binti yangu alikuja nyumbani na simu mkononi, akaniomba nimsaidie kuchagua. Anaandika tasnifu ya chuo kikuu, na kila akifungua kompyuta anajikuta amemaliza nusu siku kwenye tovuti za mavazi. Sasa amepata programu tatu za kufunga tovuti. Ya kwanza ni ya bure. Ya pili inakufungia hata ukilia. Ya tatu inakuoteshea mti wa picha kila ukivumilia nusu saa.

"Mama, wewe ungechagua ipi?"

Nilicheka mpaka akakasirika. Hakujua anaongea na nani. Mimi ndiye mtu wa kwanza mjini Kisii kujifungia tovuti kwa hiari yangu, na anayebisha alete ushahidi. Nilifanya hivyo miaka ya tisini ikielekea ukingoni, wakati watu wengi mjini walidhani intaneti ni jina la kampuni ya mabasi. Nikamwambia akae, nimweleze nilivyochagua mimi.

Nilimaliza kidato cha nne nikapata D. Baba yangu aliikunja ile karatasi ya matokeo, akaitia ndani ya kopo la vitambulisho, akasema kesho kuna majani ya chai ya kuchuma. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Tangu darasa la tatu nilikuwa nikifundisha migomba nyuma ya nyumba yetu, kule Ekerenyo, nikiwa na kijiti mkononi, na migomba ambayo haikujibu niliichapa. Kila mtu kijijini alijua nitakuwa mwalimu. Chuo cha walimu kilitaka C.

Nikajifunza kupiga taipu, nikapata kazi mjini Kisii katika duka la vitabu na karatasi la familia moja ya Wahindi. Mzee mwenye duka alizaliwa papo hapo mjini, na Ekegusii chake, lugha yetu ya nyumbani, kilikuwa kizuri kuliko Kiswahili changu. Mkewe, ambaye sote tulimwita Mama wa Duka, alikaa kaunta akijua bei ya kila kalamu bila kutazama. Siku za kazi nililala Keumbu kwa mama yangu mdogo, mfanyabiashara wa ndizi, na kila Ijumaa saa saba niliruhusiwa kuondoka ili nifike kwetu kabla jua halijatua. Sisi ni Wasabato. Jua la Ijumaa halimsubiri mtu.

Niliamua kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Tatizo lilikuwa mahali pa kusomea. Kwa mama mdogo kulikuwa na taa moja, watoto wanne, na mama mdogo mwenyewe, ambaye hajawahi kunyamaza tangu azaliwe. Nilipomweleza Mzee, alifikiri kidogo, akasema kwa Ekegusii:

"Saa saba tunafunga duka. Sisi tunapanda juu kula na kulala kidogo. Wewe baki humu ndani usome mpaka saa tisa. Nitakufungia kwa nje, asije mtu akakusumbua."

Ndivyo nilivyopata saa mbili kila siku isipokuwa Ijumaa, ndani ya duka lililofungwa, harufu ya dengu na bizari ikiteremka ngazi kutoka juu. Sikuwa na saa nyingine wiki nzima. Mtihani ulikuwa mwisho wa mwaka, na kama ningekosa C safari hii sikuwa na moyo wa kujaribu mara ya tatu. Nilijijua.

Mwaka huo huo Mzee alileta kompyuta, na pamoja nayo kisanduku cheusi cha modemu kilichounganishwa na waya wa simu. Wazazi wenye watoto Marekani walianza kuja kutuma barua. Walitoka mbali, hata Kenyenya. Wengine walivua kofia mbele ya kompyuta, na mmoja alipaza sauti kabisa ili mwanawe amsikie vizuri. Walisema kwa Ekegusii, nami nikaandika. Kila saa saba, kabla sijafungua vitabu, kazi yangu ilikuwa kuunganisha mtandao, kuchukua barua zilizoingia na kukata. Dakika tano tu.

Dakika tano hizo ndizo zilizoniharibia. Mmoja wa wale watoto wa ng'ambo aliandika kwamba kuna tovuti ambapo Wakenya walioko nje hukutana na kuzungumza. Nikaingia kuchungulia. Mtu fulani, aliyesema anafanya kazi hospitalini kwenye baridi kali, alikuwa ameuliza: kuna mtu yeyote anayejua kama mvua imenyesha Kisii? Mimi nilikuwa nimekaa pale na sketi iliyoloa mpaka magotini. Nikamjibu. Nikamwambia imenyesha tangu saa nne, barabara ya sokoni ni mto, na wauza viazi wamehamia kwenye veranda yetu.

Siku iliyofuata nilikuta watu kumi na mmoja wakinishukuru. Na maswali. Ndizi za kupika zinauzwaje Keumbu? Je, chinsaga, ile mboga yetu ya mgagani, ukiikosea kwenye maziwa inakuwaje, mbona yangu ni chungu? Majani ya chai mwaka huu yanapokelewa au yanarudishwa? Walikuwa wauguzi, wahasibu, watu wenye digrii, na wote walikuwa wakinisubiri mimi. Walinibandika jina, Mtu wa Nyumbani. Niseme ukweli, nilivimba kichwa. Nilikuwa msichana wa D, na hapa watu wa digrii walikuwa wakiniita wakinikosa siku moja.

Basi dakika tano zikawa ishirini, ishirini zikawa saa mbili. Kitabu changu cha historia kilibaki kimefunguliwa kando ya kompyuta kwenye ukurasa wa arobaini na moja. Kila funguo za Mzee zilipolia mlangoni saa tisa nilishtuka kama niliyeamshwa, nikajiambia kesho nitasoma. Kesho yake mtu alikuwa ameuliza kuhusu mahindi ya kuchoma.

Bili ya simu ilipokuja, Mzee aliikodolea macho muda mrefu. Kisha akamtazama mwenzangu wa fotokopi, kijana aliyekuwa karibu kuoa.

"Huyo mchumba wako ana simu?" akamuuliza.

Yule kijana aliapa kwa mama yake na kwa mama mkwe wake mtarajiwa. Haikumsaidia. Mzee alikwenda akanunua lile kufuli dogo la simu, mnalikumbuka, linaloingia kwenye tundu la namba ili isizunguke. Akalifunga, akatia ufunguo mfuko wa shati, akaupigapiga. Saa saba akanifungia ndani kama kawaida. Mimi nikabonyeza, modemu ikalia ule mlio wake wa kukwaruza, na tukaingia mtandaoni bila wasiwasi. Kufuli liliizuia namba isizunguke, lakini modemu haikuhitaji kuzungusha chochote. Ilijipigia yenyewe.

Bili ya pili ilikuja kubwa kuliko ya kwanza. Mzee alilikagua lile kufuli, akalitikisa, akamwambia kijana wa fotokopi kwamba mtu anayeweza kupiga simu iliyofungwa kufuli ni mchawi au mwizi, achague moja. Yule kijana alikuwa karibu kulia. Mimi nilisimama nyuma ya kompyuta nikiwa na aibu ambayo sijawahi kuisahau. Nikaenda kaunta, nikamwambia Mama wa Duka kila kitu. Naye akamwita mumewe.

Nilitegemea kufukuzwa. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akamwomba radhi kijana wa fotokopi mbele yetu sote, kisha akanigeukia.

"Bili nitalipa mimi," alisema. "Mtihani je, nani atakufanyia?"

Akasema basi, kila saa saba atakuwa anakwenda juu na hiyo modemu. Hapo ndipo ubishi wangu ulipoamka. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nikajiona nikinyang'anywa kisanduku kama mtoto anayenyang'anywa kiberiti, nikamwambia hapana, tafadhali, nitajifungia mwenyewe. Mzee akamtazama mkewe. Mama wa Duka akasema, mwache ajaribu, tuone.

Mpwa wao wa Nairobi, aliyetuwekea kompyuta, alituma diski yenye programu ya kufunga tovuti. Iliandikiwa wazazi wa Ulaya wanaotaka kuwachunga watoto. Unaandika anwani ya tovuti, unaandika saa za kufunga, unaweka neno la siri. Niliisoma karatasi yake ya maelezo kwa makini kuliko nilivyowahi kusoma historia. Niliandika anwani, nikaandika saa saba mpaka saa tisa, nikaweka neno la siri. Nililiweka mimi mwenyewe. Siku mbili nzima nilisoma upya kurasa za mwanzo nilizokwisha kuzisahau, siku ya tatu mkono uliandika neno la siri wenyewe, maana ulilijua.

Nikamwomba Mama wa Duka aweke neno lake. Alinigeuzia mgongo, akaandika kwa kidole kimoja, polepole. Nilizirudia kurasa hizo siku nne. Siku ya tano niliinua macho nikaona kalenda juu ya kaunta, yenye picha ya mungu wao wa kike aliyekaa juu ya ua, jina lake limechapishwa chini kwa herufi kubwa. Nikaliandika jina hilo, programu ikafunguka mara ya kwanza. Nilipomweleza, Mama wa Duka alicheka kwanza, halafu akaacha kucheka.

"Wewe una akili nyingi," alisema. "Zote unazitumia hapo."

Ijumaa hiyo nilikwenda nyumbani nikiwa nimechoka na nafsi yangu. Ilikuwa siku ya maandalio ya Sabato kama Ijumaa zote. Maharagwe yalikuwa yameshaiva, viatu vya kanisani vimepangwa ukutani, na baba amerudi kutoka kituo cha kuuzia majani. Redio ilikuwa ikiimba mezani. Mama yangu aliipenda redio hiyo kuliko anavyokubali. Kila siku ya kazi, saa saba mpaka saa tisa, kulikuwa na kipindi cha salamu kwa lugha yetu, watu wakisalimiana kutoka Nyamira mpaka Kenyenya, na mama alikisikiliza akipika, akila, akipeta maharagwe, akiwacheka watu wanaosalimu wakwe zao kwa maneno matamu kupita kiasi. Dada yake wa Keumbu alimtumia salamu karibu kila mwezi.

Jua lilipokaribia kilima, mama aliizima. Akatoa kitambaa chake cheupe chenye maua mekundu pembe zote nne, pembe moja ikiwa na doa la chai lisilotoka, akaifunika redio, akatutakia Sabato njema. Tangu nizaliwe sijaona mtu akikifunua kitambaa hicho kabla jua la Jumamosi halijatua. Hakina kufuli. Hakina neno la siri. Ni kitambaa.

Jumamosi baada ya kanisa tulikaa nje mimi na mama. Mama hakufika darasa la nne, lakini kila wikendi aliniuliza kitabu cha historia nimefika ukurasa wa ngapi.

"Arobaini na moja," nilisema.

Mama alitikisa kichwa taratibu. "Wiki ya kumi sasa. Huo ukurasa ni mrefu, omoiseke one."

Omoiseke one maana yake ni binti yangu, na mama hulitumia neno hilo akiwa amenikamata. Nikamweleza yote. Nilimweleza modemu kwa shida, mwishowe nikamwambia ni kama kipindi cha salamu, lakini unaweza kujibu. Hapo alielewa mara moja. Nilimweleza kufuli, programu, kalenda. Nikasema sasa natafuta programu kali zaidi, au nimwambie Mzee aende juu na kile kisanduku, yaishe.

"Kufuli halikufai," mama alisema. "Wewe ni mbishi tangu tumboni. Ukiona kufuli unatafuta msumari."

Kisha akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Walipooana, baba alinunua redio hiyo, na wakati huo haikuwa na kitambaa. Sabato moja baba alikwenda makambi ya kanisa, mama akasema kichwa kinamuuma, akabaki nyumbani. Dada yake alikuwa amemwahidi salamu maalumu kwenye kipindi cha Jumamosi asubuhi. Mama alikaa karibu na redio, sauti chini kabisa, akasikiliza mpaka akasikia jina lake. Alifurahi peke yake jikoni. Jioni shemasi alikuja kumjulia hali mgonjwa. Wakiwa wamekaa, akaingia jirani yetu Mkatoliki, mama mchangamfu, akampa mama mkono wa pongezi.

"Leo umesalimiwa redioni," alisema mbele ya shemasi. "Nikakusikia ukicheka mpaka kwangu."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mama naye alicheka, akifuta macho kwa upindo wa gauni.

"Wiki hiyo ndiyo niliyokishona," alisema. "Ninyi hamkuwapo. Kitambaa kile sikuwashonea ninyi, nilijishonea mimi."

"Na kinakuzuia?"

"Kitambaa kitamzuia nani? Mkono wangu unafika pale kila Sabato. Ukikigusa, nakumbuka shemasi, nakumbuka ni mimi niliyeushika uzi. Basi naurudisha."

Nilipofika hapo binti yangu alinikatiza, akaniuliza kama basi programu zote tatu hazifai. Nikamwambia sijui, achague anayoipenda, lakini kila Jumapili anipigie simu aniambie amefika ukurasa wa ngapi.

Basi, Jumapili ile asubuhi kule Ekerenyo, nikiwa najifunga viatu, mama aliniwekea kile kitambaa ndani ya mfuko, juu ya mahindi.

"Na redio itavaa nini?" niliuliza.

"Redio haina miguu," alisema. "Haiendi popote."

Jumatatu saa saba nilimwomba Mama wa Duka aanze kuchukua barua yeye, kabla ya kufunga, nami nikaifuta ile programu mbele yake. Kisha nikaifunika modemu kwa kitambaa cha mama, doa la chai likinitazama. Nilimweleza maana yake kwa maneno machache. Juu kwake alikuwa na pembe ya sala yenye pazia lake, na nadhani alinielewa kuliko ambavyo mpwa wake angenielewa.

Sisemi ilikuwa rahisi. Wiki ile ya kwanza niliinuka mara nyingi. Siku ya pili nilisimama mbele ya meza, mkono wangu ukafika, nikashika pembe ya kitambaa. Niliona mishono ya mama, mingine imepinda, maana alishona kwa haraka na kwa hasira juu ya nafsi yake. Hakukuwa na cha kukisia wala cha kufungua. Ningekifunua tu, na nisingemshinda mtu yeyote. Nikauachia upindo, nikarudi kwenye kiti, nikasoma ukurasa wa arobaini na moja. Haukuwa mrefu hata kidogo.

Ijumaa hiyo nilimwambia mama hamsini na tatu. Ijumaa iliyofuata sabini. Alikuwa akirudia namba hizo kimyakimya kama mtu anayeweka akiba. Nilimaliza historia, nikaingia hesabu, ambayo ilinitesa lakini ikanyooka. Kijana wa fotokopi, ambaye alinisamehe baada ya harusi yake, alinipa nakala za karatasi za mitihani ya zamani zilizoharibika pembeni ambazo wateja walizikataa. Mzee alianza kuchungulia madaftari yangu saa tisa, akisingizia anatafuta miwani.

Wakati fulani katikati ya miezi hiyo mama mdogo wa Keumbu alinilalamikia. Alikuwa akipanga ndizi, amenuna.

"Mamako ana kiburi siku hizi," alisema. "Nimemtumia salamu redioni mara tatu, nimekutaja na wewe na mtihani wako. Hata asante sijapata. Zamani angetuma mtu siku hiyo hiyo."

Nikamwambia labda betri zimekwisha. Mama mdogo hukuza mambo, nikaliacha hapo.

Siku nyingine Mama wa Duka alinisomea ujumbe ulioingia pamoja na barua za wateja. Ulitoka kwa yule wa hospitali ya kwenye baridi. Mtu wa Nyumbani, uko wapi? Huku tunauliza kama u mzima. Mama wa Duka aliniuliza ajibu nini, na kidole chake kimeshanyooka juu ya herufi.

"Andika yuko shuleni," nilisema.

Aliandika hivyo, na kwa mara ya kwanza tangu nipate ile D nilijisikia mwanafunzi kweli.

Nilifanya mtihani katika shule moja ya mjini, nikiwa mkubwa kuliko wote chumbani isipokuwa msimamizi. Nilipomaliza sikukirudisha kitambaa. Niliona kukirudisha kabla ya majibu ni kujisifu mapema, na nina majivuno mengi lakini hayo sikuyataka. Kiliendelea kukaa juu ya modemu saa saba mpaka saa tisa, nami nikikaa kando nikisoma magazeti ya zamani, siku za shule kufunguliwa zikaja na kupita.

Matokeo yalibandikwa siku ya Jumanne. Niliyasoma nikianzia chini, kwa mazoea. Sikujiona. Nikapanda juu. Nilipata C, na kando yake alama ya kujumlisha. Nilirudi dukani nikikimbia kwenye mteremko wenye matope, nikamwambia Mzee, na Mzee akatoa sauti ambayo sikujua anayo. Mama wa Duka alinishika mashavu kwa mikono miwili, akaenda akakitoa kitambaa kwenye modemu mwenyewe. Alikuwa amekifua wikendi hiyo na kukipiga pasi bila kuniambia, na doa la chai lilikuwa pale pale.

"Nenda," Mzee alisema. "Leo ni nani atakuwa na haja ya taipu?"

Nilifika Ekerenyo saa saba imegonga tu. Baba alikuwa mlangoni akinoa panga. Nilimpa karatasi niliyonakili alama zangu. Aliisoma mara mbili, akaingia ndani, akatoa lile kopo la vitambulisho, akachukua ile ya zamani yenye D, akaitumia kuwashia moto. Mama alikuwa ameketi mezani, mikono juu ya mapaja, haifanyi kazi yoyote, jambo ambalo sijawahi kumwona nalo mchana. Nikamwambia C ya kujumlisha. Alifunga macho muda kidogo, akasema asante, lakini hakuniambia mimi.

Nilipotoa kitambaa kwenye mfuko ndipo nilipoiona redio. Ilikuwa imefunikwa kwa kilemba chake cha kanisani, katikati ya wiki.

"Leo si Sabato," nilisema.

Mama alitazama pembeni. Baba ndiye aliyenijibu.

"Muulize mamako. Tangu uondoke na hicho kitambaa, saa saba ikigonga anaifunika, saa tisa anaifunua. Kila siku ya kazi. Nilidhani betri zimekwisha, nikamnunulia mpya. Akazitia kwenye kopo."

Nikawakumbuka mama mdogo na salamu zake tatu. Miezi minane. Mimi nilikuwa nikijisifu mjini kwamba nimejishinda peke yangu, na muda wote huo, saa ile ile, mama alikuwa ameketi mbele ya redio iliyofunikwa, bila salamu, bila habari za mtu. Nililia, na sioni haya kusema.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeshindana na mimi," mama alisema.

Alikitandika kitambaa chake mezani kwanza, akakinyoosha kwa kiganja, akaligusa doa. Kisha akakiondoa kilemba, akamwambia baba amletee zile betri mpya. Akazitia moja baada ya nyingine. Kipindi kilikuwa kimeshaanza. Redio ilikwaruza kidogo, ikapata sauti, na mtu fulani wa Nyamira akaanza kuwasalimu shangazi zake wote kwa majina.

Nilianza kumweleza mama jinsi hesabu ilivyokuwa. Aliinua mkono.

"Nyamaza kwanza," alisema, akavuta kiti karibu na redio. "Nimewakosa hawa watu."